Daraja liko wapi?

Juzi usiku mwanangu alijikunyata na simu yangu, anaangalia wanaume wa sketi, nyuso za bluu, wanapiga kelele uwanjani. "Baba, hii ilitokea kweli?" Nikamwambia alale, kesho shule. Akalala. Mimi kwa mawazo nikarudi Mlandege, Iringa, kibanda umiza cha video, bamdogo kasimama mbele ya runinga.

Nilikuwa kidato cha tano, baridi ya Julai, na ni mimi niliyemshawishi. Kiingilio shilingi mia. Aliingia na koti lake la jeshi lililopauka, akasalimia "kamwene" kama yuko msibani, vijana wakampisha benchi la mbele. Ilikuwa Braveheart, sinema ya Waskoti wanaopigana na Waingereza, ile kanda yenye mtafsiri mmoja anayewasemea wote, hadi farasi. Mtafsiri akatangaza: sasa, ndugu watazamaji, vita vya daraja la Stirling!

Majeshi yakajipanga kwenye nyasi, huku na huku, kama timu zinazosubiri refa. Bamdogo akainama mbele. Akafikicha macho. Kisha akainuka, akaweka kidole kwenye kioo, pale nyasi zinapokutana na mbingu, akakipitisha taratibu kushoto kwenda kulia, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani.

"Daraja liko wapi?"

"Mzee, kaa chini!"

"Mzee, umelipa mia, hujanunua runinga!"

"Huyu kasema daraja. Liko wapi?"

Mtafsiri, kwa kuwa ni kanda, akaendelea kuua Waingereza. Nilimvuta bamdogo koti mpaka kishikizo kikaning'okea mkononi.

Nje, kwenye mahindi ya kuchoma, tukabishana. Mimi: bamdogo, ni sinema tu. Yeye: basi wasiseme daraja. Mwaka 1891 pale Lugalo, alisema, babu zetu Wahehe walimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kwa kumvizia. Nani kawadanganya kwamba wachache husimama peupe? Halafu akaingia vita vya Kagera: watu wa Amin walivyolipua daraja la Kyaka, Novemba 1978, na yeye alivyovuka usiku, buti shingoni, maji yananuka dizeli. Hindi langu likapoa mkononi.

Baadaye nikasoma. Tarehe 11 Septemba 1297 Waingereza walinaswa wakivuka daraja jembamba la mbao, wengine wameshafika ng'ambo, wengine bado, na hapo ndipo Waskoti wachache waliposhinda. Ukilitoa daraja, unatoa akili yote ya vita ile, yanabaki makelele. Hata zile sketi ni za karne kadhaa mbele. Nilikimbia kumwambia bamdogo. Hakushangaa, akaniagiza maji ya kunawa.

Mwaka juzi, msibani kwake, nilikaa na mzee mmoja wa kikosi chao. Nikamtajia kuvuka usiku. Akanitazama kidogo. "Sisi tulifika Kagera Januari. Daraja la muda lilishawekwa. Tulivuka ndani ya lori, marehemu kasinzia begani kwangu." Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwongezea chai. Habari za buti sikuuliza.

Asubuhi mwanangu, anafunga kamba za viatu, akarudia swali lake.

"Ilitokea," nikamwambia. "Ila daraja wamelitoa."

"Daraja gani?"

Basi la shule likapiga honi.