Nilivyompeleka mama Expo ya Osaka katika joto la Agosti

Kilichonitisha zaidi ni foleni, hata kuliko jua lenyewe. Anayetembea juani anaweza kutafuta kivuli, akakaa, akabadili njia. Aliyepanga foleni kashikwa pale pale, mbele mtu, nyuma mtu, na akitoka nafasi imekwenda. Mama yangu amevuka miaka sitini na anatumia dawa za presha. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi nilikaa nikajiuliza: foleni zipi tutazikubali, na zipi tutaachana nazo hata kama dunia nzima inazisifia?

Expo hiyo, yaani maonyesho ya dunia, ilifanyika kuanzia Aprili 13 hadi Oktoba 13, 2025, kwenye Yumeshima, kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari kwenye ghuba ya Osaka. Ningeweza kuchagua, tungekwenda Aprili. Lakini likizo yangu ni Agosti, na mama alikuja Japani kwa ajili hiyo. Tena kiangazi chenyewe kilikuwa kikali kuliko kawaida: Agosti 5 mji wa Isesaki, mkoa wa Gunma, ulipimwa nyuzi 41.8, joto kubwa kuliko lote lililowahi kurekodiwa nchini humo. Osaka haikufika huko, ila joto lake lina unyevu mwingi, na hapo ndipo penye hatari. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikiwa imeshajaa maji, jasho linatiririka tu, nguo zinalowa, na mwili unabaki na moto wake ndani.

Ndiyo maana sikuangalia nyuzi joto peke yake. Japani wanatangaza kipimo kiitwacho WBGT, kinachochanganya unyevu, mionzi ya jua na joto la hewa, na unyevu ndio wenye uzito mkubwa humo. Kikifika 31 ni kiwango cha hatari. Kikitabiriwa kufika 33 hutolewa tahadhari ya kiharusi cha joto. Nilimwambia mama wazi kwamba asubuhi yake nikiona 33 hatutoki, na tiketi iliruhusu kubadilisha tarehe. Alinuna kidogo, kisha akakubali.

Daktari wake tulimuuliza kabla hajapanda ndege. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na kwenye joto maji hayo yanahitajika mwilini. Alitueleza tusikatishe dawa kwa uamuzi wetu, mama anywe maji bila kungoja kiu, na awe anainuka taratibu kila anapokaa.

Tiketi ya siku nzima ya mtu mzima ilikuwa yen 7,500. Ilikuwepo na ya jioni, yen 3,700, ambayo kwa mtu aliyeishi karibu naiona ndiyo iliyokuwa bora kabisa kwa Agosti. Sisi tulitoka mbali, tukachukua ya siku nzima. Wengi walikwenda kwa treni ya Chuo Line, njia ya metro ya Osaka, ambayo iliwashusha kituo cha Yumeshima, hapo hapo kwenye lango la mashariki. Ilikuwa rahisi mno, na kwa sababu hiyo hiyo umati wote ulimwagika hapo, tena asubuhi na mapema kabla lango halijafunguliwa saa tatu. Niliamua tuingie kwa lango la magharibi, kwa basi lililolipiwa mapema, na nikachagua muda wa kuingia wa saa nne. Ndani ya basi kulikuwa na kiti na kiyoyozi. Langoni tulisimama, ndiyo, lakini tulisimama tukiwa bado na nguvu.

Mizigo niliipunguza hadi ikabaki ya lazima. Chupa za chuma za maji, maana ndani kulikuwa na mashine za kujazia bure, huku makopo na chupa za kioo vilikuwa haviruhusiwi. Mwavuli kwa kila mtu. Peremende za chumvi zinazouzwa kila duka wakati wa kiangazi. Betri ya akiba, kwa sababu simu ilifanya kila kitu, kuanzia ramani na kuhifadhi nafasi za mabanda ya nchi mpaka malipo. Fedha taslimu zilikuwa hazipokelewi kabisa. Msimbo wa tiketi nikauchapa kwenye karatasi ili tusitegemee simu iliyopata moto. Mama aliongeza kanga mbili. Niliona ni mzigo, yeye akasema, "Wewe zibebe tu, utaniambia baadaye."

Ile kanga aliilowesha maji bombani, akaikamua, akaizungusha shingoni. Kila ilipokauka aliilowesha tena. Feni yangu ya mkononi ilikuwa inapuliza hewa ya moto tu, lakini nikiielekeza kwenye ile kanga mbichi inakuwa baridi kweli. Saa moja baadaye nami nilikuwa na ya kwangu shingoni.

Sasa kuhusu mabanda. Marekani walikuwa na jiwe la mwezini, banda la Italia lilikuwa na mchoro wa Caravaggio, mchoraji maarufu wa zamani, na foleni zao zilizunguka juani. Hatukwenda. Tulikuwa na banda moja tu la kuhifadhi nafasi, la Japani, tulilolipata kwenye bahati nasibu ya siku saba kabla, na muda wake ulikuwa saa saba mchana. Humo kulikuwa na kimondo kilichotoka sayari ya Mars. Mama alisimama mbele yake muda mrefu akitazama kipande cha sayari nyingine kwa macho yake mwenyewe, na hakuna aliyemsukuma.

Muda uliobaki wa mchana, jua likiwa utosini, tuliutumia kwenye majengo ya Commons. Zilikuwa kumbi kubwa ambazo nchi nyingi ziligawana, kila nchi na kibanda chake, na nyingi za Afrika zilikuwa humo. Hukuhitaji kuhifadhi nafasi na kulikuwa na viyoyozi. Waliokimbilia mabanda ya mataifa makubwa walizipita kumbi hizi, na kwa maoni yangu walipitwa na mengi. Kwenye vibanda hivi mwenye nchi alikuwa mbele yako, ukimuuliza anakujibu. Mama alinunua kitabu cha kugongea mihuri ya nchi, akawa anazunguka meza hadi meza. Sehemu moja kijana aliyekuwa nyuma ya meza alitusikia tukiongea, akainuka haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekula?"

Akamvutia kiti. Wakaongea habari za nyumbani, na mimi nikapata nafasi ya kumwangalia mama vizuri. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayempeleka mzazi kwenye joto: usimuulize kama amechoka. Atakwambia hajambo, kwa sababu hataki kukuharibia siku. Mimi nilikuwa natazama kiasi cha maji kilichopungua kwenye chupa yake, nilimuuliza mara ya mwisho kwenda msalani ilikuwa lini, na nilisikiliza kama majibu yake yamekuwa mafupi kuliko kawaida. Mtu akianza kuchanganya maneno, akayumba, ngozi ikiwa ya moto, hiyo ni dharura. Hapo unaita wahudumu, unamtoa juani na kumpoza kwa maji na upepo papo hapo. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya tulipoingia lilikuwa kutafuta kwenye ramani vituo vya huduma ya kwanza.

Kati ya kumbi na kumbi tulipita chini ya ule mviringo mkubwa wa mbao, Grand Ring, uliobuniwa na msanifu majengo wa Kijapani Sou Fujimoto. Mzunguko wake ulikuwa kama kilomita mbili, na uliingia kwenye rekodi za Guinness kuwa jengo kubwa kuliko yote ya mbao duniani. Wengi waliusifia kwa sura yake. Mimi nausifia kwa kivuli. Upepo wa bahari ulipita katikati ya nguzo, na mabenchi yalikuwepo. Tulikula hapo. Mama aliweka kiganja kwenye nguzo, akafuata kwa kidole pale boriti inapotoboa nguzo na kutokea upande wa pili, mtindo wa zamani wa mahekalu ya Japani ulioimarishwa siku hizi kwa vyuma. "Fundi huyu alikuwa na subira," akasema. Tulipanga njia zetu zote kwa kuufuata mviringo ule, hata pale ilipokuwa ndefu kidogo, na sidhani kama tulikaa juani mfululizo zaidi ya dakika kumi.

Saa kumi na mbili jua lilipolegea ndipo tulipopanda juu yake kwa ngazi za umeme. Kule juu kulikuwa na majani na maua, upande mmoja bahari, upande mwingine mabanda yote yanawaka taa. Watu walianza kukusanyika kusubiri onyesho la usiku la droni zenye taa angani. Nilijua zikimalizika umati wote utageukia milango kwa wakati mmoja. Nikamuuliza mama anataka lipi kati ya mawili: droni, au kukaa kwenye basi bila kubanwa.

"Droni gani? Mihuri nimeshapata."

Tukashuka, tukajaza chupa, tukapanda basi. Miguu ilikuwa imevimba kidogo, ikapungua alipolala ameiinua juu ya mito. Asubuhi presha nilimpima, ilikuwa sawa.

Maonyesho makubwa ya dunia ya aina hii yajayo yatakuwa Riyadh, Saudi Arabia, kuanzia Oktoba 1, 2030 hadi Machi 31, 2031, yaani miezi ambayo joto la kule limeshapungua. Mama ameniagiza nianze kuweka akiba, na kile kitabu chake kina kurasa tupu za kutosha.