Gregor Samsa na akiba ya mzee

Nimerudia kusoma Die Verwandlung ya Franz Kafka, ile hadithi ya 1915 ya Gregor Samsa anayeamka asubuhi moja amegeuka mdudu. Wengi hukumbuka mdudu tu. Mimi kinachoniuma ni pesa. Gregor anahangaika na treni kuuza vitambaa, analipa deni la wazazi wake kwa bosi, na ana mpango wa kumpeleka dada yake Grete akasomee fidla. Akishageuka mdudu ndipo anasikia, akiwa nyuma ya mlango, kwamba baba alikuwa na akiba kimya kimya, na sehemu yake imetoka kwenye mshahara huohuo wa Gregor. Deni lingeisha mapema! Naye, maskini, anafurahi kwamba mzee alikuwa mwangalifu. Mliowahi kuwa tegemeo la nyumbani mtanielewa.

Halafu ghafla wote wanajiweza: baba anavaa sare ya benki, mama anashona, Grete anauza dukani. Grete huyohuyo aliyekuwa akimpelekea chakula ndiye wa kwanza kusema waachane naye. Bado sijaweza kumchukia. Ni binti wa miaka 17 aliyeachiwa mzigo karibu peke yake. Ila baba na yale matufaha aliyomrushia mwanawe, huyo simsamehe.