Hasara Aliyoihesabu Paulo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii linatoka Wafilipi 3:4-12, ambapo Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anaandika wasifu wake na kisha kuufuta kwa kauli moja: “Lakini mambo yale yaliyokuwa faida kwangu, naliyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo.”

Mara nyingi tunapolihubiri andiko hili tunakimbilia kusema juu ya shahada, magari na vyeo vya serikalini. Hata hivyo, orodha ya Paulo haina fedha wala cheo cha utawala. Ametaja kutahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Ufarisayo, juhudi iliyomfanya aliudhi Kanisa, na haki ya sheria ambayo kwayo hakuwa na hatia. Elimu aliyoipata miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa sheria, inayotajwa katika Matendo 22, hakuiweka humo, wala uraia wake wa Rumi. Aliyoyaandika yote ni mambo ambayo yangemstahilisha heshima miongoni mwa watu wa dini, na hapo ndipo andiko linapotugusa sisi tunaoketi kanisani kila Jumapili kuliko linavyomgusa tajiri asiyefika kabisa.

Sisi nasi tunayo orodha ya namna hiyo. Kwenye misiba yetu msomaji wa wasifu wa marehemu husimama na karatasi yake, akasoma mwaka wa kuzaliwa, shule, ajira, kisha akafika mahali anaposoma kwa sauti ya juu zaidi: mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mlezi wa kwaya. Ni haki kuwashukuru waliotumika, na sidhani kama kuna ubaya wowote katika kuyasoma hayo. Hatari huanza mapema zaidi, wakati mtu angali hai, anapoingia katika maombi akiamini kwamba miaka yake ya utumishi ndiyo inayompa haki ya kusikilizwa, na anapokasirika moyoni kwa sababu muumini aliyebatizwa juzi amejibiwa kabla yake.

Haimaanishi kwamba Paulo alivitupa alivyokuwa navyo. Filipi, mji wa wale alioandikia barua hii, ilikuwa koloni la Kirumi, ambako askari wastaafu walipewa makazi baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, na wenyeji wake walijivunia Urumi wao. Katika mji huo huo, kama tunavyosoma Matendo 16, yeye na Sila walipigwa bakora bila kuhukumiwa na kufungwa miguu kwa mkatale. Kulipokucha, makadhi, yaani mahakimu wa mji, walipotaka kuwaachia kimyakimya, Paulo aliutaja uraia wake na kudai waje wenyewe wawatoe. Huko Yerusalemu aliutaja kabla ya kupigwa mijeledi. Mbele ya maofisa uraia ulikuwa na kazi yake, naye aliutumia bila haya. Mbele za Mungu hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, ila ile “haki itokayo kwa Mungu, kwa imani”. Kwa hiyo mpendwa mwenye shahada asione aibu nayo, na aliyepandishwa cheo amshukuru Mungu na kufanya kazi yake vizuri, mradi asivitegemee vitu hivyo pale ambapo Kristo peke yake ndiye anayetosha.

Tena hesabu hii hakuifanya mara moja tu. Aliifanya alipoitwa, na miaka mingi baadaye, akiwa na minyororo, anaandika kwamba bado anayahesabu mambo yote kuwa hasara “kwa ajili ya uzuri usio na kiasi wa kumjua Kristo Yesu”. Huenda alijua kwamba hata kuacha kunaweza kugeuka kuwa sifa. Tumesikia shuhuda ambazo mtu anaeleza kwa kirefu mshahara alioukataa, ofisi aliyoiacha na marafiki waliomshangaa, hadi jina la Yesu likatajwa mwishoni kwa haraka. Paulo, aliyekuwa na ushuhuda mkubwa kuliko huo, hakukubali kuufanya cheo kipya. Mara tu baada ya kutaja yote aliyopoteza, anaongeza: “Si kwamba nimekwisha kufika.”