Nilivyofuzu kuwa wakala wa hataza katika jaribio la pili

Nilipoanza mafunzo ya uwakala wa hataza, yaani kazi ya kuwaandikia wavumbuzi maombi ya hati inayolinda uvumbuzi wao, nilikuwa mhandisi wa mitambo mwenye miaka minne kazini, na nilidhani kwamba sehemu ngumu ingekuwa sheria. Sheria ilinisumbua kweli, na nitaeleza ilivyoniangusha, lakini kilichonitesa muda mrefu zaidi ni jambo ambalo nilijiona nalijua tayari, yaani kueleza kwa maandishi jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Mhandisi hukieleza kifaa jinsi kilivyo, hadi kipenyo cha skrubu. Wakala hujiuliza ni mambo gani yanaweza kuondolewa kwenye kifaa hicho na uvumbuzi ukabaki palepale. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuacha tabia ya kwanza.

Njia ya kuingia katika kazi hii hutofautiana baina ya nchi na nchi, ingawa kwa kawaida huanzia kwenye shahada ya sayansi au uhandisi. Nchini Marekani mtu mwenye msingi huo anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza bila kuwa mwanasheria. Akifaulu huandikishwa kuwa wakala, na cheo cha wakili wa hataza hubaki kwa yule ambaye pia ni mwanasheria. Mtihani wenyewe una maswali 100 ya kuchagua jibu, na hufanywa kwa saa sita katika vipindi viwili. Ulaya, kwa kawaida mtahiniwa hutakiwa awe amefanya kazi miaka mitatu chini ya usimamizi wa mtu aliyefuzu, na kwa miaka mingi mtihani mkuu ulikuwa na karatasi nne zilizojulikana kwa herufi A, B, C na D: kuandika ombi, kujibu hoja za mchunguzi wa ofisi ya hataza, kupinga hataza iliyokwisha kutolewa, na sheria. Mfumo nilioupitia mimi unafanana zaidi na huo wa pili, kwa maana kwamba unafunzwa kazini kwanza, kisha unakalishwa chini uandike.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mkali wa maneno machache, aliyesahihisha kila kitu kwa penseli. Zoezi la kwanza alilonipa lilikuwa bawaba ambayo hufunga mlango polepole, kwa kuwa ndani yake mna springi na kijichumba cha mafuta kinachozuia springi isijikunje kwa ghafla. Nikaandika kwa fahari dai langu, yaani sentensi inayotaja kile hasa ambacho hataza italinda: bawaba ya chuma, yenye mabamba mawili yaliyofungwa kwa skrubu nne kila moja, na springi ya chuma cha pua iliyozungukwa na mafuta. Akalisoma, kisha akaniuliza, "Nikiitengeneza kwa plastiki, nitakuwa nimeingilia hataza yako?" Nikakiri kwamba hapana. Akafuta neno "chuma". "Nikitumia skrubu tatu? Nikigandisha kwa gundi?" Penseli ikapita tena. Baada ya dakika kumi mistari yangu sita ilikuwa imebaki miwili, nami nikawa nimeelewa kwamba kila sifa unayoiongeza katika dai ni mlango unaomfungulia mshindani apite.

Zoezi la pili nikaenda upande wa pili kabisa. Niliandika "bawaba inayofunga mlango polepole" na kuweka nukta. Safari hii hakushika penseli. Alitoa kabatini hataza ya zamani ya kifaa cha kufungia mlango kinachotumia hewa, akaiweka mbele yangu, akarudi mezani kwake. Dai langu lilikifunika na kifaa hicho cha zamani, kwa hiyo halikuwa na upya hata kidogo. Kazi yote ya kuandika madai iko kati ya makosa hayo mawili, na sijaona kitabu kinachoweza kumfundisha mtu mahali pa kusimama. Hufundishwa na mtu anayekuuliza maswali kama yale, wiki baada ya wiki.

Nyuma ya dai kuu huja madai tegemezi, yanayolirudia dai kuu na kuliongezea sifa, ambayo wanagenzi wengi huyaandika kama mapambo. Yana kazi yake: mchunguzi akigundua kuwa dai kuu limetanguliwa na maarifa yaliyokuwapo, unarudi nyuma hatua moja na kusimama kwenye dai tegemezi lenye sifa zaidi. Lakini huwezi kurudi mahali ambapo hukupaandaa, kwa sababu ombi likishawasilishwa hairuhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwamo tangu mwanzo. Ndiyo maana zile skrubu nne, baada ya kufutwa kwenye dai, zilirudishwa kwenye maelezo, ile sehemu ya ombi inayoeleza kifaa kwa kirefu. Hata neno "yenye" lina uzito wake hapa, kwa kuwa bawaba "yenye springi na kijichumba" inaweza kuwa na vitu vingine pia, ilhali bawaba "iliyoundwa na springi na kijichumba pekee" humwachia mshindani nafasi ya kuongeza kitu kimoja na kuondoka salama.

Sheria niliisoma usiku, baada ya kazi, na niliisoma vibaya. Nilikariri tarakimu: miezi 12 ya haki ya kipaumbele (ombi la baadaye kuhesabiwa kwa tarehe ya lile la kwanza) chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, miezi 18 kabla ya ombi kuchapishwa, miezi 30 ya kuingia katika nchi mbalimbali kwa aliyepitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970 (ombi moja kwa nchi nyingi), miaka 20 ya ulinzi tangu siku ya kuwasilisha. Nilizijua kama jina langu. Katika mtihani likaja swali la mvumbuzi aliyewasilisha ombi mwezi Januari, akawasilisha jingine mwezi Juni lenye uvumbuzi uleule pamoja na nyongeza, kisha Mei ya mwaka uliofuata akauliza kama bado ana kipaumbele. Nikahesabu kutoka Juni, nikaona miezi 12 haijatimia, nikaandika ndiyo kwa ujasiri mkubwa. Mkataba husema kwamba muda huanza kuhesabiwa tangu ombi la kwanza kwa uvumbuzi husika. Kwa uvumbuzi wa asili ombi hilo lilikuwa la Januari, na muda wake ulikwisha. Ni ile nyongeza tu iliyoweza kudai kipaumbele cha Juni. Maswali yaliyofuata yalijengwa juu ya jibu hilo, yakaanguka nalo. Karatasi ya kuandika ombi nilifaulu, ya sheria nikafeli.

Matayarisho ya mara ya pili yalikuwa tofauti. Niliacha kukariri tarakimu nikaanza kuchora mstari wa muda kwa kila swali, nikiweka juu ya kila tarehe kile hasa kilichofichuliwa siku hiyo, si jina la ombi tu. Kila Jumamosi nilifanya karatasi moja ya miaka iliyopita kwa muda uleule wa mtihani, simu ikiwa imezimwa, na Jumapili nikaisahihisha kwa kufuata taarifa za wasahihishaji, ambazo kwa maoni yangu zinafundisha kuliko vitabu vingi vya kiada. Mwanagenzi mwenzangu mmoja tulibadilishana majibu. Yeye alikuwa mwanakemia, na alinikera sana kwa kusoma swali zima mara mbili kabla ya kushika kalamu, hadi nilipogundua kwamba alikuwa akimaliza kabla yangu.

Nilifaulu, nikala kiapo, jina langu likaingia katika rejista. Mteja wa kwanza niliyempokea bila msimamizi pembeni alikuja na mfano wa kifaa chake kwenye mfuko, na swali langu la kwanza likawa kama amewahi kumwonyesha mtu. "Wanunuzi wawili watatu tu, mwezi uliopita," akasema. Nikauliza kama walitia saini ya kutunza siri. Hawakutia. Nikamweleza kwamba kwa hali hiyo hataza ya Ulaya imekwisha kumponyoka, kwa kuwa huko maonyesho ya mvumbuzi mwenyewe huhesabiwa kuwa maarifa yaliyotangulia, lakini Marekani na Japani zinamruhusu mwaka mmoja tangu siku ya kufichua, na kwamba kwa Japani tungepaswa kuambatisha tamko la ufichuzi huo siku ileile ya kuwasilisha ombi. Akakaa kimya kidogo, kisha akatoa simu yake aanze kutafuta tarehe kamili ya ule mkutano, nami nikachora mstari wa muda.