Nimeshakula, ahsante

Leo nimefikisha saa 412 za mafunzo ya vitendo. Nazihesabu kama dereva wa bodaboda anavyohesabu hela ya bosi, maana haziwi zangu mpaka zitimie 1,000.

Mama bado anawaambia watu wa Tanga kwamba mwanawe yuko Marekani anasomea mapishi. Nimeacha kumsahihisha. Nasomea kuwa mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, yule anayekaa na madaktari kuamua mgonjwa ale nini, kiasi gani, apitishiwe mdomoni au kwenye mpira. Zamani shahada ya kwanza ilitosha. Tangu tarehe 1 Januari 2024 hufanyi mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili, na juu ya darasa kuna saa zisizopungua 1,000 za vitendo chini ya msimamizi: hospitalini, jikoni, mitaani kwa akina mama na watoto. Hatulipwi. Tena sisi ndio tunaolipa ada ili tufanye kazi. Shahada yangu ya Morogoro ilipokelewa, lakini masomo kadhaa nimeyarudia, likiwemo moja nililowahi kuwafundisha wenzangu kwenye kundi la kujisomea. Hilo nalo nimeshalimeza.

Jikoni nilikaa wiki tano. Nilipima joto la supu, nikahesabu trei, nikajifunza kwamba mpishi wa hospitali ana hasira kuliko daktari wa upasuaji. Yatosha.

Wodini ndiko nilikoanza vizuri mno. Wiki ya kwanza aliletwa mzee aliyekuwa amekaa siku nyingi peke yake nyumbani bila kula. Msimamizi akatuuliza: mtamlishaje? Wenzangu wakaanza kupiga hesabu za kalori kwenye simu. Mimi akili ikarudi kwenye wodi ya watoto, nikiwa fildi mwaka wa tatu, makopo ya F-75 yamepangwa juu ya meza. Mtoto aliyedhoofika sana hapewi chakula kizito siku ya kwanza, hata mama yake alie vipi. Anaanza na F-75, maziwa yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, tena kidogokidogo, usiku na mchana. F-100, iliyo nzito zaidi, inangoja. Nikawaeleza: mwili uliozoea njaa ukimwagiwa wanga ghafla, insulini inapanda, fosfeti na potasiamu na magnesiamu zinakimbilia ndani ya seli, kwenye damu zinapungua, na moyo unaweza kusimama mtu akiwa na sahani mbele yake. Msimamizi akanitazama, akasema basi huyu mgonjwa ni wako.

Siku hiyo nilitembea kifua mbele mpaka kituo cha basi. (Hapa Ohio ndipo chama cha wataalamu wa lishe wa nchi hii kilipoanzishwa, mjini Cleveland, mwaka 1917, wakati wa vita. Jioni ile nilijiona kama nami nilikuwepo kwenye kikao.)

Halafu nikapewa yule mama.

Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Ni mtu mzima sana, Mkongo wa upande wa Kivu, alikuja hapa na wanawe kama wakimbizi. Nilipoona kwenye faili lugha yake ni Kiswahili, nilikaribia kuruka. Nikaingia na shikamoo yangu nzuri ya Tanga, magoti yamekunjwa kidogo. Hakuitikia. Nikasema, "Habari ya asubuhi, bibi." Hapo akacheka mpaka akakohoa. "Miye bibi ya nani?" Kwao bibi ni mke. Tangu siku ile namwita mama, naye ananiita binti.

Mazungumzo yetu yakaishia kwenye salamu, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajapimwa ukalimani haruhusiwi kutafsiri mambo ya matibabu. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa watatu, yeye, mimi na msimamizi, tunaongea na simu iliyowekwa juu ya blanketi. Ndani ya simu kuna mkalimani wa mbali, Kiswahili chake cha vitabuni. Alipofika kwenye vyakula vya wanga, mama akauliza wanga ni kitu gani. Nikang'ata ulimi. Tanga ungeuliza habari za wanga kitandani kwa mgonjwa, ndugu wangekusindikiza mlangoni.

Hamu ya kula ikoje? "Muzuri." Asubuhi umekula? "Nimekula, aksanti." Umemaliza? "Nimemaliza." Faili nalo lilisema hivyohivyo. Manesi hujaza kiasi kilicholiwa kwa asilimia, na kwake ilikuwa 100, 100, 75, 100. Trei zinarudi nyeupe. Lakini mizani ya kitanda ilianza na kilo 51.8, na baada ya wiki ikasoma 49.9. Nilipiga hesabu ya mahitaji yake mara tatu, kalori 30 kwa kila kilo, kama 1,500 kwa siku. Trei zilikuwa zinabeba zaidi ya hapo. Nikadhani ni mizani. Nikadhani ni maji mwilini. Nikaanza kusoma juu ya magonjwa ya utumbo kushindwa kufyonza chakula, usiku wa manane, kwa fahari kabisa.

Jumanne nilisahau kikokotoo changu chumbani kwake, nikarudi mchana nje ya ratiba. Nikakuta wajukuu watatu wamekaa ukingoni mwa kitanda. Mmoja ana paja la kuku, mmoja ana wali, mdogo amekumbatia kibakuli cha matunda. Mama ameshika boksi la juisi na nusu ya mkate, anawatazama wanavyokula, uso umetulia kama mtu aliyeko kwake. Hakushtuka kuniona. Akaniambia wametoka shule na basi mbili, mgeni hawezi kurudi na njaa.

Nilisimama pale nimeshika mlango. Nimelelewa na neno lile lile, sasa sijui kwa nini sikulisikia. Kwetu "umekula?" huulizwa kwa upendo, na jibu la adabu linajulikana kabla swali halijaisha. Nikiwa na miaka minane tuliingia kwa jirani Ngamiani wakati pilau linapakuliwa. Nikaulizwa kama nimekula. Nilikuwa na njaa ya kuumwa tumbo. Mama yangu hakusema kitu, alinitazama tu, nami nikajibu, "Nimeshakula, ahsante." Tulipofika nyumbani nikasifiwa. Leo nakaa na fomu mkononi nawauliza wagonjwa walichokula kwa saa 24 zilizopita, neno kwa neno, nikiandika majibu yao kama vile yametoka maabara.

Tatizo likawa kuliandika. Utambuzi wetu una sentensi ya vipande vitatu: tatizo, chanzo chake, na ushahidi. Tatizo lilikuwa jepesi, ulaji usiotosheleza. Ushahidi ulikuwepo, kilo 1.9. Kwenye chanzo niliandika "adabu", nikafuta. Nikaandika "wageni wanakula chakula chake", nikaona kama nawashtaki watoto. Msimamizi alikuja na kahawa yake, akasoma, akaniuliza swali moja: ungemkataza? Nikasema hapana. Akasema, basi usiandike chanzo ambacho huna nia ya kukigusa. Tukaandika kwamba mgonjwa anagawa chakula chake na familia wakati wa kutembelewa. Ni sentensi kavu, lakini ni kweli, na muuguzi wa zamu yoyote anaielewa.

Kuwaagizia wajukuu trei ya mgeni kuna bei, na basi mbili zenyewe tayari ni gharama. Kwa hiyo mchana tumeuacha kama ulivyo, tumeongeza tu wali. Tumemwekea mlo mwingine saa mbili usiku, wageni wakishaondoka: uji, maziwa, siagi ya karanga, yai. Niliwaomba jikoni uji uwe mzito. Yule mpishi mwenye hasira akaniuliza mzito kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono, kijiko kisimame.

Leo nilibaki mpaka saa mbili nione. Mama alifunua bakuli, akanusa, akasema hii buyi ni ya wazungu lakini ina moto. Akala vijiko vinne, vitano. Kisha akasita, akageuza bakuli, ule upande ambao haujaguswa ukanielekea mimi. Akauliza, "Binti, umekula?"

Chakula cha mgonjwa hatupokei, ni kanuni. Na tangu saa sita mchana nilikuwa na tufaha moja tumboni.

"Nimeshakula, mama, ahsante."

Alinitazama muda mrefu kidogo. Halafu akaendelea kula bila kusema kitu, polepole, mpaka bakuli likaisha, nami nikaandika asilimia 100 kwa mkono wangu.