168 kwa 102

Nesi aliisoma namba ya presha yangu kwa sauti: "168 kwa 102." Nilikuwa nimepanda ngazi mbio kwa kuogopa kupitwa na foleni. Mkanda alinifunga juu ya sweta, na wakati unajaa upepo akawa ananiuliza nina watoto wangapi, nami namjibu. Ulinibana mpaka mapigo nikayasikia kwenye ncha za vidole.

Ilikuwa mara ya tatu presha yangu kupanda ndani ya miezi miwili. Daktari akasema sasa tuanze dawa. Nikaikumbuka siku mama alipoanguka kwa kiharusi. Tangu siku hiyo, kila nikisikia ule mkanda ukivuta upepo, moyo huanza kunienda mbio. Sikuwahi kumwambia mtu hospitalini. Siku ile nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia niende haja kwanza, maana kibofu kikijaa presha nayo hupanda, kisha nikae nimeegemea kiti, miguu yote sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikae kimya dakika tano. Yeye akatoka. Nesi mwingine akanipima kwenye ngozi tupu bila kunisemesha. 146 kwa 92. Ilikuwa bado juu, ila haikuwa ile ya mwanzo.

Niliumia, nakiri. Mara zote tatu hakuna aliyenipa hizo dakika tano, na nilikuwa karibu kuanzishiwa vidonge vya kila siku.

Akaniazima mashine ndogo ya kuvaa kiunoni saa 24. Mchana ilinipima kila nusu saa, usiku kila saa. Nililala nayo ubavuni, mrija wake umepita shingoni.

Kesho yake alinionyesha karatasi. Wastani wa mchana 126 kwa 79, na kikomo cha mashine hiyo mchana ni 135 kwa 85. Dawa akaziweka kando, lakini akasisitiza nipime nyumbani na nirudi kila mwaka, kwa kuwa wengi wa namna yangu, ambao presha huwapanda hospitalini tu, huja kupata presha ya kweli baadaye. Nilimsikiliza, ila macho yangu yalikuwa kwenye mstari mmoja: saa tisa usiku, 104 kwa 62. Nilikuwa usingizini. Mkanda ulinibana, na mimi sikuusikia.