Kumbukumbu ya mradi: Dnd1 inavyolinda mRNA ya seli za uzazi kwenye kiinitete cha samaki pundamilia

Swali la mradi

mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini) ile ile ikisambazwa kwenye yai zima, kwa nini inadumu kwenye seli chache tu na kuoza kwingine kote? Jibu limo kwenye mkia wa 3′, kile kipande cha mwisho cha mRNA ambacho ribosomu, mashine ya kutengeneza protini, haikisomi, na kwenye protini inayoukalia. Mkia tunaotumia ni wa jeni ya nanos3. Kwenye seli za kawaida za mwili, RNA ndogo iitwayo miR-430 huushika mkia huo, adenini za mwisho hunyofolewa, na mRNA nzima huharibiwa. Kwenye seli za uzazi za awali, protini ya Dnd1 inakuwa imeshakalia maeneo yenye uridini nyingi jirani na hapo, kwa hiyo miR-430 inakosa pa kushika. Ulinzi huo ulielezwa mwaka 2007.

Nzi wa matunda naye ana mchezo unaofanana. Takriban asilimia 4 tu ya mRNA yake ya nanos hukusanyika kwenye ncha ya nyuma ya yai. Iliyobaki hunyamazishwa, na protini ya Smaug ina mkono mkubwa katika hilo. Nanos ikitengenezwa yai zima, kichwa hakiumbiki vizuri. Isipotengenezwa kabisa, tumbo halipo.

RNA za kudunga

Tunatengeneza tatu. Ya kwanza ni ya GFP, protini inayong'aa kijani, inayokaa kwenye utando wa seli, yenye mkia wa nanos3. Ya pili ni hiyo hiyo, ila mahali pa kushikia pa miR-430, herufi GCACUU, pamebadilishwa herufi mbili za katikati. Ya tatu ni ya mCherry, protini inayong'aa nyekundu, yenye mkia wa globini ambao miR-430 haiushiki. Hii hung'aa kila mahali na kazi yake ni kuonyesha kwamba sindano iliingia. Bila hiyo nyekundu, kiinitete kisicho na kijani hakina maana yoyote: huenda hukukidunga.

Plasmidi, yaani duara la DNA ambalo RNA inanakiliwa kutoka kwake, ikatwe baada ya mkia wa 3′. Linaonekana jambo dogo, lakini kama bado kuna kipande cha SV40 (mkia mwingine ambao plasmidi nyingi huja nao) kabla ya mahali pa kukata, RNA itabeba mikia miwili na hutajua upi unafanya kazi. Tumia mikrogramu 1 ya plasmidi iliyokatwa kwenye mchanganyiko wa mikrolita 20 wenye kimeng'enya cha SP6 kinachonakili DNA kuwa RNA na kofia ya 5′ inayolinda mwanzo wa RNA, saa 2 kwenye nyuzi 37. Ongeza DNase, kimeng'enya kinachokula DNA, kwa dakika 15, kisha ifanye RNA ijitenge na maji kwa kloridi ya lithiamu kwenye nyuzi −20 kwa angalau nusu saa, zungusha dakika 15 kwenye baridi, osha kwa ethanoli ya asilimia 70. Usikaushe punje mpaka iwe nyeupe kama chaki, maana haitayeyuka tena vizuri. Pitisha kidogo kwenye jeli ya agarosi: mstari mmoja safi ni sawa, ukungu unaoteleza kuelekea chini maana yake RNA imeliwa, anza upya. Kipimo cha mwanga pekee hakitoshi, kwa sababu RNA iliyokatika vipande husoma namba nzuri tu.

Kudunga

Seli ya kwanza hudumu kama dakika 45 kwenye nyuzi 28.5, na baada ya hapo seli hugawanyika kila dakika 15 hivi. Kwa hiyo sindano iwe imeshavutwa, imeshakatwa ncha na imeshapimwa kabla mayai hayajatagwa. Pima kwa kudunga tone ndani ya mafuta ya madini juu ya kioo chenye mistari: tone la kipenyo cha milimita 0.125 ni nanolita 1, la milimita 0.1 ni nusu yake. Tofauti hiyo ndogo kwa macho ni dozi mara mbili, na hapa ndipo matokeo mengi yasiyorudiwa huzaliwa.

Tunadunga nanolita 1 yenye pikogramu 100 za GFP na pikogramu 100 za mCherry, pamoja na rangi nyekundu ya fenoli kidogo ili kuona inapoingia. Lenga seli yenyewe. Ukidunga katikati ya kiini cha yai, RNA hupanda polepole na nyingine hubaki chini, ndipo unapata kiinitete chenye nusu nyekundu na nusu giza. Hivyo vitupwe, hata kama ni vingi. Saa 5 baada ya kutagwa ondoa mayai yasiyorutubishwa, kwa sababu yanaoza na kuua majirani.

Kusoma matokeo

Saa zote hapa zinahesabiwa tangu kutagwa. Saa ya 6 kila kitu ni kijani. Si kosa. miR-430 huanza kutengenezwa kiinitete kinapowasha jeni zake chenyewe, karibu saa ya 3, na GFP iliyotengenezwa kabla ya hapo haitoweki mara RNA inapooza. Vumilia mpaka saa ya 24.

Saa 24, kiinitete kikilala ubavu, angalia pale mpira wa kiini unapokutana na mrefusho wake mwembamba. Kuna vikundi viwili, kimoja kila upande, jumla seli 25 hadi 50. Kwa kuwa GFP yetu iko kwenye utando, kila seli huonekana kama pete ya kijani yenye shimo jeusi katikati, kubwa kuliko seli za jirani. Pete hiyo ndiyo inayokuokoa, maana kiini cha yai nacho hung'aa chenyewe, kwa ukungu wa kijani-manjano usio na umbo. RNA yenye GCACUU iliyovunjwa huacha kijani mwilini kote, misuli, ngozi na ubongo, na seli za uzazi humezwa humo.

Kuondoa Dnd1

Dnd1 inazuiwa kwa morfolino, kipande kifupi cha kutengenezwa kinachoshika mRNA ili isisomwe, kinachofunika kodoni ya kuanzia, nanogramu 2 hadi 3 kwa kiinitete. Ubongo ukigeuka kijivu na kuwa na giza saa 24, dozi ni kubwa au morfolino imewasha p53, protini inayoamuru seli kufa. Usihesabu viinitete hivyo. Kundi la uokoaji, yaani la kurudisha Dnd1 iliyoondolewa, ni lazima: mRNA ya dnd1 ambayo mahali pa morfolino pamebadilishwa bila kugusa amino asidi, nayo ipewe mkia wa nanos3. Ukiipa mkia wa globini, Dnd1 itasambaa mwili mzima na hakuna utakachoweza kusoma.

Sasa mtego wenyewe wa mradi huu. Ukiondoa Dnd1, kijani hupotea. Wengi huandika hapo hapo kwamba seli za uzazi zimekufa. Lakini alama yetu inategemea protini ile ile tuliyoiondoa! Seli inaweza kuwa hai kabisa, ila mRNA ya GFP imekosa mlinzi. Giza peke yake si ushahidi wa kifo.

Ndiyo maana kila kundi linagawanywa: nusu ya viinitete huhifadhiwa kwenye paraformaldehaidi ya asilimia 4 mapema, saa ya 8 hadi ya 10, na kupakwa kipimo cha mRNA ya vasa, jeni inayotambulisha seli za uzazi. Hapo seli zinaonekana bado zipo, ila zimekaa karibu na zilipozaliwa badala ya kusafiri. Hatima yao si kifo tu: mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba seli za uzazi zisizo na Dnd1 zinaweza kugeuka kuwa seli za mwili, zikiwemo za misuli na za neva. Kwa panya, mabadiliko ya Ter kwenye jeni hiyo hiyo hupunguza sana seli za uzazi, na kwenye ukoo wa 129 huleta uvimbe wa teratoma kwenye korodani, wenye tishu za kila aina ndani yake. Kwa hiyo protini hii inalinda zaidi ya RNA moja: inazuia seli isichukue njia nyingine.

Mradi ulipofikia

Zamu inayofuata ni mkia wa nne: GCACUU nzima, ila maeneo ya uridini nyingi yamevunjwa. Tukiwa sahihi, huo utazimika hata ndani ya seli za uzazi zenye Dnd1 yao kamili, na mCherry itabaki kila mahali. Ukizimika pamoja na mCherry, tatizo ni sindano. RNA hiyo imegawanywa mikrolita 2 kwa kila mrija kwenye nyuzi −80, na mrija ukishayeyushwa haurudishwi.